Orodha Iliyoishia kwa Godefroid

Kwa miaka kumi na moja wapiga visanji wa mtaa wa Bel-Air waliwaita wafu wao kila tarehe mbili Novemba, na kwa miaka kumi na moja wito ulikatikia mahali pale pale. Mama Germaine alisimama, akataja majina moja baada ya jingine kwa ile sauti yake nzito, akafika kwa Godefroid, akanyamaza. Kisha akaketi na kuweka mikono mapajani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kulikoni, kwa sababu wote walijua.

Kisanji ni kitu kidogo: kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma, unakishika kwa mikono miwili na kukipiga kwa vidole gumba. Baba zao walikuja navyo kutoka kaskazini walipotafuta kazi ya reli na ya mgodi, wakavipiga kambini kila Jumapili baada ya misa, na uzee ulipowashinda wakawaachia watoto. Kundi halikuwahi kuwa kubwa. Halikuwahi kuwa na jina la maana pia. Watu wa mtaa waliwaita "ba kisanji", yaani watu wa kisanji, na wenyewe wakaitikia hivyo hivyo.

Lakini walikuwa na desturi zao, na kwenye desturi hawakuwa na mchezo. Kila mpiga kisanji alikuwa na mlango wake. Ndivyo walivyokiita kile kifungu kifupi cha sauti, cha pumzi moja au mbili, anachokipiga peke yake kabla ya kuingia kwenye wimbo. Maadamu yu hai, hakuna mwingine wa kukigusa. Akifa, anaitwa. Mwitaji anataja jina lake na jina la mzazi wake, kisha anasema neno moja tu, "ingia", na yule aliyemrithi anaupiga mlango wa marehemu, na kundi zima linaingia nyuma yake. Asiyeitwa hana mrithi. Kisanji chake kinakaa kimya kabatini. Na wafu huitwa kwa mpangilio wa kufa kwao. Kumruka mmoja ni kumtukana, na kumwita mtu aliye hai ni kumzika kwa mdomo.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Baada ya Godefroid, jina lililofuata lingekuwa la Lombe, mdogo wake Germaine, tumbo moja. Lingekuwa, kama Lombe alikufa. Alikwenda Mitwaba, huko kaskazini, mwaka ule njia ilipoharibika na vijiji kuchomwa moto, na hakurudi. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta hata kiatu. Germaine akimwita naye yu hai, amemzika. Akimruka na kumwita aliyefuata, na kumbe Lombe alikufa, amemwacha nje ya mstari milele. Basi alifanya anachofanya mtu aliyeshikwa na woga: alisimama pale pale. Nyuma ya Lombe wafu wanne wakapanga foleni kama wastaafu mbele ya dirisha la benki: Clément, Mwaba, Nono, na miaka miwili iliyopita Constance, aliyekuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Mwaka huu, katikati ya Oktoba, mzee Rigobert, kiongozi wa kundi, alimbakisha Germaine baada ya mazoezi. Wenzao walipokwisha kutoka kwenye lupango, ua wa nyumba yake, alimvutia kiti.

"Mama Germaine, uyu mwaka tutafanya namna gani?"

"Kama kila mwaka."

"Kila mwaka tunaishia tu kwa Godefroid. Clément anangoja. Mwaba anangoja, Nono anangoja, sasa na Constance. Bale bantu balikufa kabisa, tulibaona mu cercueil, mu sanduku."

"Na Lombe, nani alimuona mu cercueil?"

Rigobert alijikuna kidevu. Alikuwa mtu mpole, fundi wa reli mstaafu, asiyependa kumwumiza mtu, na ndiyo maana jambo hili lilikuwa limefika miaka kumi na moja bila mtu kuligusa.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Lakini batoto babo na bale bengine banalia. Tulisemezana. Kama uyu mwaka unasimama tena kwa Godefroid, tutapatia Jeanne kazi ya kuita."

Germaine aliinuka bila kuaga. Jeanne! Jeanne mwenye sauti ya kupasulia mawe, asiyejua hata jina la mama yake Clément! Alitembea hadi kwake akinung'unika njia nzima, na aliowakuta njiani wakamsalimu akawapita bila kuitikia, yeye ambaye kwa kawaida angesimama kwa kila mtu kuuliza habari za watoto hadi za kuku.

Wito ulikuwa wa mama yake kabla ya kuwa wake. Mama yake alikufa Germaine akiwa na miaka kumi na sita na Lombe minne, na siku ile aliachiwa vitu viwili: orodha ya wafu ya kukaririwa kichwani na mtoto wa kulelewa. Vyote viwili alivibeba. Alimwogesha Lombe, alimsomesha, alimkimbiza kwa fimbo alipokwepa shule, alimkalisha kwa Godefroid akafundishwa kisanji kikubwa, kile cha sauti ya chini kinachoushika wimbo usiyumbe. Kuolewa hakuolewa. Walipokuja wachumba aliwaambia ana mtoto tayari, na wengine waliamini kweli ni wake wa kumzaa.

Lombe alikuwa mchelewaji. Alichelewa misa, alichelewa mazoezi, alichelewa hata siku ya ubatizo wa mtoto aliyemsimamia. Mlango wake alioutunga mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo: sauti tatu zinazoshuka, kimya, halafu moja ya juu inayokuja umekwisha kudhani amemaliza. Watu walicheka kila mara. Germaine naye alicheka, ingawa alijitia kukunja uso.

Ni yeye aliyemtuma Mitwaba. Hilo watu walilijua lakini hawakulisema mbele yake, na yeye hakuhitaji kuambiwa. Godefroid alikuwa amestaafu, akarudi kwao, akafia huko, na desturi ilitaka mmoja wa kundi aupige mlango wake juu ya kaburi. Habari za njia zilikuwa mbaya. Rigobert alisema wangoje miezi miwili, mitatu, mambo yatulie. Germaine alisimama kati yao akasema hakuna marehemu wa kundi hili aliyewahi kungojeshwa, na kama wanaume wanaogopa atakwenda mdogo wake. Lombe hakuwa amefungua mdomo. Alimtazama tu dada yake, akacheka, akasema, "Sawa, yaya," yaani dada mkubwa. Asubuhi yake Germaine alimfungia ugali wa bukari na samaki wakavu kwenye kitambaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Lombe aliwahi gari.

Ndiyo maana hakuweza kumwita. Si kwamba hakuwa na akili ya kuhesabu miaka. Alijua mtu mzima hapotei miaka kumi na moja bila kupiga simu. Lakini kinywa kilichosema "atakwenda mdogo wangu" ndicho kile kile ambacho kingesema amekufa, na kila alipofika kwenye jina lile aliketi.

Siku tatu baada ya maneno ya Rigobert, Sephora alibisha mlangoni. Sephora ni binti Constance, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye tabia ya kuzungumza taratibu kana kwamba kila mtu yuko darasa la pili. Alikuwa amebeba kisanji cha mama yake ndani ya kitenge.

"Mama, sikuje kugombana."

"Basi kula kwanza."

Alimpa bukari na sombe ya majani ya muhogo. Sephora alikula kwa adabu, akanawa, akakifungua kitenge na kukiweka kisanji juu ya meza. Vijiti vyake vilikuwa vimepakwa mafuta. Mtu alikuwa akikitunza.

"Mama yangu, mbele ya kufa, alinikataza kukusukuma," alisema. "Alisema, umuache Germaine, usimuulize kitu. Nilikuacha miaka mbili. Sasa nashindwa."

"Constance alisema vile?"

"Alisema na kingine. Alisema, afazali mimi nibakie inje, kuliko Germaine azike mudogo wake na angali mzima. Lakini miye sitaki abakie inje, mama. Mulango yake iko mu vidole vyangu. Kila jioni nakamata hii kisanji, naipangusa, narudisha mu kitenge, juu sina ruhusa ya kuipiga. Vidole vinaanza kusahau. Njo kitu nilikuja kukuambia."

Germaine alihisi hasira ikimpanda, na alijua kabisa kwamba haikuwa ya Sephora.

"Weye uko na kaburi," alisema. "Unajua kwenye mama yako analala. Unapeleka maua, unapalilia, unarudi. Mimi niko na nini?"

Sephora aliinuka. Alifunga kitenge polepole, akashukuru kwa chakula, akatoka. Germaine alibaki na sahani mbili mezani na aibu tele. Constance aliyekuwa akimsuka nywele kila Jumamosi, aliyelala naye chumba kimoja mwezi mzima Lombe alipopotea ili asiwe peke yake, Constance huyo alikuwa amekubali kubaki nje kwa ajili yake, na hakumwambia. Alitamani angekuwapo amgombeze.

Sokoni kulikuwa na mwanamke mmoja, mama Kalaba, aliyeleta kalanga na maharage kutoka upande wa Mitwaba mara moja kwa mwezi au miwili, kutegemea barabara na malori. Kwa miaka yote hiyo Germaine alimwendea kila alipofika. Maswali yake Kalaba aliyajua kwa moyo: mwanaume mrefu, mpiga kisanji, kidole kidogo cha kushoto kimepinda. Jibu lilikuwa lile lile, na Germaine alinunua kalanga asizozihitaji, akarudi nyumbani. Ilifika mahali jirani zake wakajua lori la Mitwaba limeingia kwa kuona tu amewagawia kalanga.

Safari hii Kalaba alimwona kabla hajafika kwenye kibanda.

"Mama Germaine! Kuya apa, mbio! Niko na kitu yako."

Alimvutia kwenye gunia, akamketisha, akatoa simu. Alikuwa amehudhuria ndoa kwenye kijiji kimoja mbele ya Mitwaba, akakuta mtu anapiga kisanji, akamkumbuka Germaine na kurekodi kidogo. Picha ilikuwa ya hovyo, migongo ya watu na ukingo wa turubai. Lakini sauti ilikuwa safi. Zilishuka sauti tatu. Kimya. Watu kwenye video walianza kuzungumza wakidhani imekwisha, na hapo ndipo ile ya juu ikaingia.

Germaine alishika mkono wa Kalaba hadi mwenzake akalia, "Aii, mama, unaniumiza!"

"Rudisha," alisema. "Rudisha tena."

Alisikiliza mara saba. Kalaba hakumjua mpigaji wala hakuuona uso wake vizuri, ila alikuwa na namba ya simu ya bwana harusi. Germaine aliiandika nyuma ya mkono wake kwa kalamu ya muuza vocha, halafu akaiandika tena kwenye karatasi, halafu akamwomba Kalaba amtajie upya kuhakikisha. Siku hiyo alisahau kununua kalanga.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za furaha kiasi kwamba inaniuma kuzisimulia. Bwana harusi alipatikana, akasema mpiga kisanji hana simu, lakini Jumapili huja kanisani karibu na kilima kimoja chenye mtandao. Atampa simu yake saa nane mchana. Germaine hakuuliza jina. Aliogopa kuuliza, na alijiambia haina haja. Alifagia chumba cha nyuma, akatoa magodoro juani, akafua shuka lililokuwa safi. Alinunua sabuni ya aina aliyoipenda Lombe, kisha akakumbuka kwamba Lombe sasa ana miaka hamsini na huenda hapendi tena sabuni yenye manukato. Alipanga kumgombeza kwanza. Hilo alilipanga vizuri sana: miaka kumi na moja, Lombe, hata barua moja, mimi si mama yako? Angemgombeza robo saa nzima na ndipo angelia. Hakumwambia mtu, hata Rigobert. Aliwaza siku ya tarehe mbili, angesimama mbele yao wote, afike kwa Godefroid, halafu aite "Clément!" kwa sauti ya kutetemesha mabati, na wao wamtazame midomo wazi, na Lombe atokee nyuma yake, amechelewa.

Jumapili saa nane alipiga. Simu ililia kwa muda mrefu.

"Allô? Ni mama Germaine?"

Haikuwa sauti yake. Sauti hubadilika, alijiambia.

"Lombe?"

Upande wa pili upepo ulivuma kwenye simu. Kisha yule mtu akasema, kwa upole uliomwambia yote kabla hajamaliza, "Hapana, mama. Mimi ni Hénoc, katekista. Nilikungoja miaka mingi."

Germaine aliketi juu ya godoro alilolianika. Hénoc, kwa bahati nzuri, alikuwa mtu wa kusimulia bila kuombwa. Lombe alifika salama, alisema. Alipiga mlango wa Godefroid juu ya kaburi, watu wote wakalia, na siku ya tatu kijiji kikakimbia. Walitembea porini majuma matatu. Lombe alimbeba mama yake Hénoc mgongoni, kizee asiyeweza kutembea, hadi mguu wake mwenyewe ulipochomwa na kisiki na kidonda kuoza. Hapakuwa na dawa. Alilala chini ya turubai tangu Novemba ikianza hadi Majilio, na alipokuwa na nguvu alimfundisha Hénoc kisanji.

"Alikufa juma ya pili ya Avent, mama. Nilisali mi mwenyewe, tulimuzika pembeni ya mutoni. Kaburi iko, naipalilia. Barua nilituma mara mbili na bapadri, sijue kama ilifika."

"Haikufika."

"Mulango yake alinipatia. Alisema, unaweza kuipiga, Hénoc, mais usiniite. Mwenye kuniita ni yaya wangu, ku Bel-Air. Yeye njo anaita, hajawahi kuruka mutu. Basi tangu ile mwaka, kila tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moya, namaliza misa ya bale balikufa, nakaa ku mulango ya kanisa, napiga. Nawaza, sasa hivi kule banamuita, na mi niitike huku." Alisita kidogo. "Sikujua saa, njo kitu kilikuwa kinanisumbua. Munamuitaka saa ngapi, mama? Ili nipige pamoja na nyinyi."

Mama Germaine alifungua mdomo. Mara kumi na moja mtu yule alikaa mlangoni mwa kanisa akaitikia wito ambao haukuitwa. Mara kumi na moja mlango wa Lombe ulipigwa, mzima, na ile sauti yake iliyochelewa, naye siku ile ile, pengine dakika ile ile, alikuwa ameketi kwa Rigobert na mikono mapajani. Lombe alikufa akiamini kabisa kwamba dada yake atamwita. Hakuwa na shaka hata chembe.

"Saa nne," alisema. "Tunamuitaka saa nne kamili."

"Merci, mama. Kweli merci. Sasa nitalala vizuri."

Hakuwahi kusema uongo mzito kama ule maishani mwake, na zilimbakia siku sita tu kuugeuza kuwa kweli. Jioni ile aliingiza magodoro ndani. Alilikunja lile shuka, akalirudisha kabatini, akakaa kitandani kwa Lombe hadi taa za majirani zikawaka. Hakulia. Alikuwa amejitayarishia machozi ya aina nyingine, na hayo hayakujua njia ya kutoka.

Kesho yake alikwenda kwa Rigobert kabla mzee hajanywa chai, akamweleza yote kwa kifupi, isipokuwa ule uongo. Rigobert alivua kofia. Akamshika bega.

"Mulango yake nitaipiga mimi," alisema baadaye. "Ningali naikumbuka."

"Hapana. Iko na mwenyewe anaipiga."

Kwa Sephora pia alikwenda. Alimkuta anasahihisha madaftari. Hakuketi. Alimwambia, "Anza kupiga kisanji ya mama yako, vidole vishike tena," akageuka kuondoka kabla binti hajaanza kumshukuru, kwa sababu shukrani zile asingezistahimili.

Tarehe mbili walitoka misa ya wafu wakaja moja kwa moja. Mvua ilikuwa imepiga alfajiri na lupango la Rigobert lilikuwa na matope, wakapanga viti kando ya ukuta. Wapigaji walikuwa tisa. Wajane, watoto na wajukuu wa marehemu walisimama nyuma yao, wengi kuliko miaka mingine yote, maana habari katika mtaa ule haihitaji mguu. Germaine alivaa kitenge cheusi. Kwenye mkono wake wa kushoto alifunga saa ya Rigobert, iliyomlegea, na kila mara aliisukuma juu.

Alianza saa nne kasoro robo. Aliita wale wa zamani, wa kambini, ambao hakuwahi kuwaona na aliwajua kwa majina tu; milango yao ikapigwa, wimbo ukainuka na kutulia. Aliita baba zao. Alipunguza mwendo mahali fulani, akaongeza kidogo, akiitazama saa, na wapigaji wakamfuata bila kuuliza. Saa nne kasoro dakika moja alimwita Godefroid. Rigobert, aliyemrithi, akapiga mlango wake. Wimbo ukaisha. Watu wakavuta pumzi.

Mshale mkubwa wa saa ulifika juu.

"Lombe," alisema mama Germaine.

Sauti yake haikutoka vizuri. Alisimama sawasawa, akaita upya, kama alivyokuwa akimwita kutoka uani bukari ilipokuwa tayari naye yuko mbali barabarani na wenzake.

"Lombe, mutoto wa mama Agnès. Ingia."

Hakuna aliyepiga. Wapigaji tisa waliinamisha vichwa juu ya visanji vyao. Kwenye lupango lile palisikika matone ya mvua yaliyobaki kwenye majani, na mbali, pikipiki. Desturi ilitaka wangoje mlango uishe, kisha waingie wote, na kwa kuwa hawakuusikia walimtazama Germaine, yeye ndiye atakayeinua mkono. Na yeye alikuwa akiusikiliza. Aliupiga kichwani mwake taratibu, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu inayoshuka. Akakingoja kile kimya. Akaiona mikono ya mtu asiyemjua juu ya kisanji cha Lombe mlangoni mwa kanisa. Sauti ya juu ikaja. Mlango ukaisha.

Mkono haukuinuka. Ukiinuka, wataingia, na wakiingia Lombe atakuwa mmoja wa wafu wa kundi kama Godefroid, kama baba zao, na hakutakuwa na mtu wa kuulizia sokoni, wala chumba cha kufagia. Atakuwa amekufa leo, na si miaka kumi na moja iliyopita. Dakika ikapita, ikapita ya pili. Mtoto mmoja akauliza kitu, akanyamazishwa. Germaine alimtamani mdogo wake kwa hamu ambayo hakuwahi kujiruhusu kuihisi miaka yote ile aliyojifanya anangoja. Alitamani achelewe mara moja tu zaidi, asukume geti akitweta, aseme samahani, yaya.

Kwenye kiti cha nne kutoka mwisho, Sephora alikuwa amekishika kisanji cha mama yake. Hakumtazama Germaine wala hakumharakisha. Vidole gumba vyake vilikuwa tayari juu ya vijiti, na ilikuwa wazi kwamba angengoja hivyo hivyo hadi jioni.

Mama Germaine akainua mkono. Visanji tisa vikaingia kwa pamoja, na yeye akaanza kumlilia mdogo wake mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kujifunika uso. Na wimbo ulipotulia, angali analia, akamwita Clément.